Umemaliza Willy Gamba, usome nini sasa?

Msomaji ameniandikia hivi: "Shikamoo Mwalimu. Mimi ni mhasibu hapa Tanga, naishi Chumbageni, mama wa watoto wawili. Marehemu baba aliniachia sanduku la riwaya. Za Willy Gamba nimezimaliza, za Joram Kiango nimesoma nyingi. Nazipenda, ila kuna jambo limenichosha: akitokea mwanamke mrembo tu, najua ama ni mtego ama atakufa sura mbili mbele. Kuna riwaya za kijasusi ambazo mwanamke ana akili zake? Kiingereza nasoma, ila si kile kigumu sana. Na je, hakuna hata moja inayotugusa sisi watu wa Tanga?"

Marahaba, mwanangu. Lalamiko lako ni la haki, na dawa yake ipo. Ila niruhusu nianzie humo humo sandukuni mwa baba, kwa sababu ukijua Elvis Musiba, mtunzi wa Willy Gamba, alikuwa anaandika kuhusu nini hasa, utajua pia cha kutafuta kwa wengine.

Dar es Salaam ya Willy Gamba ilikuwa mji wa majasusi kweli. Kamati ya Ukombozi ya Umoja wa Nchi Huru za Afrika (OAU), iliyoundwa mwaka 1963, ilikuwa na makao yake pale, na wapigania uhuru wa kusini mwa Afrika walikuwa na ofisi zao katika mitaa ya kawaida, jirani na maduka na nyumba za watu. Wareno na Makaburu walitaka kujua nani anaingia, nani anatoka na silaha zinapitia wapi. Tarehe 3 Februari 1969, Eduardo Mondlane, kiongozi wa FRELIMO, chama cha ukombozi wa Msumbiji, alifungua kifurushi alichotumiwa. Ndani mlikuwa na kitabu, na ndani ya kitabu bomu. Alifia pale pale Dar es Salaam. Kwa hiyo katika Kufa na Kupona, nyaraka za siri za wapigania uhuru zinapoibwa na Gamba akatumwa Nairobi kuzifuatilia, msomaji wa miaka ya 1970 hakuhitaji kuelezwa ubaya wa makaratasi kupotea. Kikosi cha Kisasi kikampeleka Kinshasa, Hofu ikampeleka Harare. Zipange riwaya zile kwenye ramani uone zinavyozunguka nchi za mstari wa mbele na jirani zao.

Lakini namna Gamba anavyovaa, anavyokunywa, anavyopiga bastola na anavyopata wanawake, hayo yametoka kwingine. Ni ya James Bond, ambaye Ian Fleming alimleta duniani mwaka 1953. Fleming mwenyewe alifanya kazi katika ujasusi wa jeshi la majini la Uingereza wakati wa Vita Kuu ya Pili, akakaa ofisini, akasoma mafaili. Alipoandika riwaya akayaacha mafaili akachukua kasino. Musiba naye, kwa maoni yangu, alifanya jambo la akili: alichukua suti ya Bond akabadilisha mwajiri. Gamba hamtumikii malkia wa mtu, anatumikia ukombozi wa Afrika. Bahati mbaya wanawake walikuja pamoja na suti. Ben Mtobwa, mtunzi wa Joram Kiango, alijitahidi zaidi hapo, maana Nuru wa Joram anasafiri, anafikiri, na safari nyingine ndiye anayemtoa Joram shimoni. Kama Tutarudi na Roho Zetu? imo sandukuni na hujaifikia, isome kwanza kabla ya haya yote ninayokutajia.

Mimi riwaya ya kijasusi naipima kwa swali moja: habari ya siri iliyomo imepatikanaje, na nani amelipa gharama yake? Ujasusi wenyewe ni kazi ya kukaa, kusubiri, kunakili, kukariri na kumdanganya mtu unayelala naye chumba kimoja. Bastola ikitoka, mara nyingi ni kwamba kazi imeharibika. Mwandishi akiijua kazi hiyo, wanawake wanaingia wenyewe bila kualikwa, kwa sababu ndio waliokuwa wakipiga taipu, wakifungua barua, wakipangisha vyumba na kupika chai ya mkutano. Mwandishi asiyeijua kazi lazima atafute mrembo wa kumlaza kitandani na jasusi ili siri itoke. Hicho ndicho kilichokuchosha.

Kwa hiyo cha kwanza ninachokupa ni Restless ya William Boyd, iliyotoka mwaka 2006. Ni kiangazi cha 1976 huko Uingereza. Ruth, mama anayemlea mwanawe peke yake na kufundisha wageni Kiingereza mjini Oxford, anamwona mama yake ameanza vituko: anachunguza msitu ulio nyuma ya nyumba kwa darubini, anasema kuna watu wanataka kumuua. Ruth anadhani ni uzee. Kisha mama anampa bahasha ya karatasi alizoziandika mwenyewe, na ukurasa wa kwanza tu unatosha kumtoa jasho: jina analolijua si jina la mama yake. Mama ni Mrusi, Eva Delectorskaya, aliyeingizwa katika ujasusi wa Uingereza mwaka 1939 mjini Paris baada ya kaka yake kuuawa.

Kazi ya Eva ndiyo iliyonishika. Yeye na wenzake wanatengeneza habari za uongo. Wanapenyeza habari ndogo katika gazeti dogo la nchi ndogo, gazeti kubwa linainakili, redio inaitangaza, na baada ya siku chache uongo umekuwa habari ya dunia na hakuna anayekumbuka ulianzia wapi. Sisi tunaoletewa kila asubuhi "imethibitishwa" kwenye magrupu ya WhatsApp tutaielewa kazi hiyo upesi kuliko Waingereza wenyewe. Na Boyd hakuitunga kutoka hewani. Kabla Marekani haijaingia vitani, Uingereza ilikuwa na ofisi kubwa ya siri mjini New York iliyolenga kuivuta Marekani iingie. Mwezi Oktoba 1941 Rais Roosevelt alitangaza kwamba anayo ramani ya siri ya Wajerumani inayoonyesha watakavyoigawana Amerika ya Kusini. Wanahistoria wengi wanaamini ramani ile ilighushiwa na Waingereza. Ukisoma Restless utakutana na ramani. Siendelei.

Kiingereza chake ni chepesi, sentensi fupi, na hadithi inarukaruka kati ya mama na binti kwa namna ambayo hutapotea. Sehemu za Ruth zina mambo ya pembeni ambayo mwandishi angeweza kuyapunguza, hasa wale wageni wa Kijerumani wanaohamia kwake. Zivumilie.

Cha pili ni American Spy ya Lauren Wilkinson, ya mwaka 2019. Hiki nakupa kwa sababu ya Afrika na kwa sababu wewe ni mama wa wawili. Marie Mitchell ni Mmarekani mweusi, mfanyakazi wa FBI, shirika la upelelezi la Marekani, aliyekwama ofisini New York kwa sababu wakubwa wake hawajui wamfanyie nini mwanamke mweusi mwenye akili. Siku moja anatafutwa kwa kazi ya kumkaribia Thomas Sankara, rais wa Burkina Faso. Wanamtaka kwa uzuri wake, yaani wanataka kumfanya kile kile kilichokuchosha wewe, mtego. Tofauti ni kwamba safari hii mtego ndiye anayesimulia, na anawasimulia wanawe wawili mapacha, ili siku wakikua wajue mama yao alifanya nini na kwa nini. Kinaanza kwa mtu kuvunja nyumba yake usiku, watoto wakiwa wamelala. Sankara, kama unavyojua, aliuawa kweli tarehe 15 Oktoba 1987, kwa hiyo tangu mwanzo unasoma ukiwa na donge kooni. Katikati kinapoa kidogo, na mapenzi ya Marie yangehitaji mhariri mkali zaidi. Hata hivyo sijaona riwaya nyingine ya kijasusi inayouliza kwa uwazi hivi: mtu mweusi anapoitumikia serikali isiyompenda, uzalendo wake ni wa nani?

Kwa swali hilo hilo, nakupeleka kwa mzee mmoja wa kazi, Graham Greene. The Human Factor ilitoka mwaka 1978, miaka ile ile Willy Gamba alipokuwa akitamba, na adui ni yule yule, Makaburu. Isipokuwa sasa uko upande wa pili wa dunia, katika ofisi ya London inayoshughulikia Afrika, ambamo wanaume wawili wanasoma simu za maandishi, wanakula chakula cha mchana na kusubiri muda wa treni. Hakuna anayeruka dirishani. Greene mwenyewe aliwahi kuwa jasusi wa Uingereza mjini Freetown, Sierra Leone, wakati wa vita, na mkubwa wake kazini alikuwa Kim Philby, ambaye baadaye ilikuja kujulikana alikuwa pandikizi la Warusi miaka yote hiyo. Mtu wa namna hiyo haandiki ujasusi kwa kubahatisha.

Shujaa wake, Castle, ana mke mweusi kutoka Afrika Kusini, Sarah, na mtoto wa kufikia, Sam, anayempenda kama wake. Siri zinavuja ofisini. Wakubwa wanaamua, bila ushahidi wa maana, kumwondoa mtu mmoja kimyakimya. Unajua wanamuua kwa nini? Kwa sumukuvu! Ile ile tunayoonywa kila msimu kuhusu mahindi na karanga zilizoota ukungu. Daktari wa idara anaichagua kwa sababu kifo kitaonekana ni ugonjwa wa ini wa mtu mlevi. Mara ya kwanza nilipofika hapo nilikiweka kitabu chini nikaenda kukagua karanga za jikoni. Daktari yule anayapanga mauaji huku akizungumzia uvuvi wa samaki na chakula kizuri, na ndiyo maana ananitisha kuliko muuaji yeyote wa Musiba mwenye kovu usoni. Greene hampi Sarah nafasi kubwa kama ninavyotamani, lakini si mtego wala si pambo. Kila uamuzi wa mume wake unamwangukia yeye, naye anajua kuongea. Ukisoma kitabu hiki, rudia Kufa na Kupona. Vita ni moja, vimeonekana kwa madirisha mawili.

Ukitaka kucheka, huyo huyo Greene ana Our Man in Havana, ya mwaka 1958. Muuza mashine za kufagilia anaajiriwa na ujasusi, hana habari zozote, basi anabuni mawakala hewa na kuwadaia mishahara, kisha anachora vipuri vya mashine zake na kuvipeleka London kama silaha mpya za kutisha. London inaamini. Wewe mhasibu utafurahi. Umeshaona wafanyakazi hewa kwenye karatasi za malipo, ila hawa wanaanza kufa kweli. Ni kifupi, na kwa mtu anayepima Kiingereza chake ni mahali pazuri pa kuanzia.

John le Carré lazima nimtaje, kwa sababu ukimwambia mtu yeyote unasoma ujasusi atakuuliza kama umemsoma. Alifanya kazi katika idara zote mbili za ujasusi za Uingereza, ya ndani na ya nje. The Spy Who Came in from the Cold, ya 1963, ni fupi na haina neno la ziada. Inaanza usiku kwenye kizuizi cha Berlin, Ukuta ukiwa bado mpya. Leamas anamsubiri wakala wake wa mwisho aliye hai avuke kutoka mashariki, na wakala anakuja kwa baiskeli. Nikuonye tu kwamba yumo mwanamke, Liz, mfanyakazi wa maktaba, na anatumiwa vibaya mno. Tofauti ni kwamba mwandishi anakasirika kwa niaba yake. Hapiti juu ya mwili wake kwenda kunywa wiski. Tinker Tailor Soldier Spy iache kwanza, ina lugha ya ndani ya ofisi inayowachosha hata Waingereza. Ukishazoea ndipo uirudie. The Constant Gardener, ya 2001, iko jirani yetu, Kenya. Tessa ameshauawa karibu na Ziwa Turkana kitabu kinapoanza, kwa hiyo utadhani ni mwanamke mwingine wa kufa mapema. Subiri. Kadiri mume wake, mwanadiplomasia mpole anayependa maua, anavyofuatilia nyayo zake, ndivyo unavyogundua kwamba jasusi wa kitabu hiki ni Tessa. Alikuwa akiichunguza kampuni ya dawa inayowajaribia Waafrika dawa ya kifua kikuu. Mume anasoma tu kazi ambayo mkewe alishaimaliza.

Frederick Forsyth, The Day of the Jackal, 1971: msome kama unapenda kuona kazi inavyopangwa hatua kwa hatua. Muuaji anatafuta kaburi la mtoto aliyefariki, anaomba cheti chake cha kuzaliwa, anapata pasipoti halali kwa jina la marehemu. Wanawake humo ni wa kutupwa, nakwambia mapema. Robert Ludlum na wenziwe waachie vijana wa daladala. Transcription ya Kate Atkinson, 2018, ni nzuri mno: msichana wa miaka 18 mwaka 1940 anakaa chumba cha pili akipiga taipu mazungumzo ya wasaliti yanayorekodiwa ukutani. Tatizo ni utani wake wa Kiingereza cha ndani, ndiyo maana nimekiweka huku chini.

Sasa Tanga. Riwaya ya kijasusi iliyo ya Tanga tupu sina ya kukupa, na ni aibu yetu waandishi wa pwani hii, maana mkasa upo chini ya miguu yetu. Mwanzoni mwa Novemba 1914 Waingereza walileta hapa jeshi la watu wapatao 8,000 kutoka India, chini ya Jenerali Aitken. Wajerumani na askari wao walikuwa kama 1,000. Kabla ya kushusha watu, nahodha wa manowari ya Fox alikuja tarehe 2 kumtaka mkuu wa wilaya wa Kijerumani ausalimishe mji. Mkuu wa wilaya akaomba muda akashauriane na wakubwa, akaondoka, hakurudi na jibu. Kilichofuata ni treni kutoka upande wa Moshi zikishusha askari. Usiku wa kuamkia tarehe 4, kamanda wao, von Lettow-Vorbeck, aliingia mjini kwa baiskeli. Akakuta mitaa kimya, akafika hadi bandarini, akazitazama meli za adui zimewashwa taa zote. Kamanda mzima alikwenda kujipelelezea mwenyewe, wakati mwenzake melini hakujua hata askari wangapi wanamsubiri. Kesho yake Waingereza walipigwa, risasi zikaivuruga mizinga ya nyuki, nyuki wakawauma wa pande zote, na tarehe 5 jeshi lote likapanda meli likaacha nyuma silaha chungu nzima. Nyuki ndio wanaokumbukwa hadi leo, lakini kilichowaangusha Waingereza ni ujinga wa kutojua.

Katika jeshi lile la Aitken alikuwamo ofisa wa ujasusi aitwaye Richard Meinertzhagen. Huyo baadaye alidai kwamba wapelelezi wake walikuwa wakikusanya karatasi kutoka vyoo vya maofisa wa Kijerumani, kwa sababu maofisa walijipangusia barua na taarifa za kazi, na eti hakuna chanzo kilichomfaa zaidi. Inawezekana. Lakini watafiti wamekuja kugundua kwamba mzee huyu alikuwa muongo wa kiwango cha juu. Hata ndege waliokaushwa wa makumbusho aliwaiba akawabandika lebo za uongo kuonyesha amewakamata yeye. Shajara zake sizisomi bila kujiuliza, na bado ningemfanya mhusika kesho kama ningekuwa mtunzi.

Aliyeigusa vita hii kwa riwaya ni yule yule Boyd wa Restless. An Ice-Cream War, ya mwaka 1982, ina kijana wa Kiingereza, Gabriel, anayeshuka ufukweni Tanga na kuangukia mikononi mwa Wajerumani. Si riwaya ya ujasusi kwa maana kamili, ingawa Gabriel akiwa mateka anaanza kujiona jasusi, na namna anavyojidanganya ndiyo sehemu bora ya kitabu. Waswahili humo wamekaa pembeni kama vivuli. Utaliona hilo ukurasa wa kwanza wa Tanga, na litakuudhi kama lilivyoniudhi mimi.

Kuhusu kuvipata: vya Musiba na Mtobwa vya toleo la zamani vinatafutwa kwa wauza vitabu vilivyotumika, na unyevu wa pwani hauna huruma na gundi. Kabla hujalipa, fungua mwisho. Riwaya ya kijasusi iliyokatika kurasa nne za mwisho haina thamani hata ya kufungia karanga, na muuzaji hatakwambia. Zile nakala zilizopigwa picha kwa simu zinazozunguka mitandaoni ziache, nyingi zimerukwa kurasa, na familia za waandishi hazipati hata senti. Vya Kiingereza vinatoka kwa watalii na mashuleni. Greene na le Carré hawakosekani kwenye mafungu ya Ngamiani kwa bei ya soda mbili tatu. American Spy itabidi umwagize mtu anayetoka Dar es Salaam au Nairobi.

Anza na Our Man in Havana upime Kiingereza chako, kisha Restless, kisha The Human Factor. Restless ninayo nakala moja mezani kwangu, jalada limechanika lakini kurasa zote zimo, nimezikagua. Nitaiweka hadi Ijumaa jioni. Pita ukitoka kazini, na uje na orodha ya vilivyomo sandukuni kwa baba, maana kuna Mtobwa mmoja ninayemtafuta muda mrefu na nina wasiwasi unaye wewe.